Mwaka wa Wekundu na Wabluu

Kapiteni Bisimwa alikuja kwenye kilio cha mume wangu na fimbo yenye kichwa cha fedha, gari lake likamsubiri barabarani injini ikinguruma. Watu walimwachia kiti cha mbele, kile chenye mto, na alipoombwa kusema neno alisimama polepole, akasafisha koo, akasema: "Mushagalusha alikuwa mtu wangu mwaminifu. Mimi ndiye niliyemfundisha ziwa." Watu wakapiga makofi. Wajukuu wangu nao wakapiga makofi, hata yule mkubwa ambaye ni injinia na anajua kupima kila kitu isipokuwa uongo wa wazee. Mimi nilikuwa chini kwenye mukeka, mjane wa siku tatu, na mjane hasimami kujibizana na wageni. Nikameza. Lakini sasa kilio kimeondolewa, nyumba imefagiwa, na kile nilichomeza kimekataa kushuka. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu kwa masista, herufi zangu zinalala upande kama migomba iliyopigwa na upepo, ila kichwa changu hakijalala. Someni.

Nitasema mwaka mmoja tu. Nani alinizaa na nilikujaje mjini, hayo mmeyasikia mpaka mmechoka. Ulikuwa ule mwaka ambao maduka na mashamba ya wageni yalikuwa yanachukuliwa na kupewa wenyeji, wanaume wakubwa wote wamevaa abacost, lile koti la serikali lisilo na tai, na kila mtu Bukavu alikuwa citoyen au citoyenne, raia wa kuitwa hivyo kwa amri, hata mlevi wa mtaroni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wenzangu wakisimulia miaka ile ya Zaïre wanakumbuka muziki na bia. Mimi nakumbuka magari. Kila gari liliposimama mbele ya nyumba nilizima taa. Mtu aliweza kuchukuliwa kwa neno, kwa kicheko, kwa kuchelewa kusimama wakati bendera inapanda. Nilijifunza kutembea bila kusikika na kujibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Msije mkafikiri kwamba koko wenu, bibi yenu huyu, alizaliwa na mdomo huu mnaoujua.

Nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya Muhumba, karibu na maji, ambamo waliishi watu waliotumwa kupima ziwa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulia. Cha kwanza kilikuwa na meza ndefu iliyopakwa nta, madirisha makubwa yanayoangalia ziwa, na sahani zenye mstari wa dhahabu ambazo mwenye nyumba, Mbelgiji mmoja, aliziacha alipoondoka haraka. Cha pili kilikuwa jikoni kwangu: mbabula mbili za makaa, benchi, moshi, na ndoo iliyopinduliwa kuwa kiti. Hakuna aliyeandika mahali popote nani ale wapi, lakini hata paka alijua. Mezani walikaa Kapiteni Bisimwa, binamu zake wawili waliojiita wasaidizi, na Profesa, mzungu mzee mwenye masikio makubwa, aliyefundisha chuoni na kuchora ramani. Kwenye ndoo alikaa Mushagalusha.

Mushagalusha alikuwa amefanya kazi ziwani miaka kumi na miwili. Alianza kwa kubeba magunia ya kahawa huko Katana, akaja kuwa mtu wa kamba, akaja kushika usukani wa boti kubwa inayokwenda Goma. Aliijua kila ghuba ya upande wetu, ila hakuwa na karatasi hata moja, na kwa hiyo hakuwa na sahani yenye dhahabu. Kapiteni alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa ametoka shule ya wanamaji Ulaya, na kofia nyeupe ambayo aliipiga brashi mwenyewe kila asubuhi. Sitamsingizia: hakuwa mjinga. Nilimwona akipima jua kwa chombo chake cha shaba, akaandika hesabu ukurasa mzima bila kufuta, na Profesa akasema ni sawa kabisa. Kasoro yake ilikuwa kwamba aliogopa maji. Mtu wa ukoo mkubwa wa kule milimani, ng'ombe na mashamba ya chai, mjomba wake mkubwa serikalini. Maji aliyaona kwa mbali tu. Upepo wa saa nane ulipoanza kuchapa ziwa alikuwa anashika ukingo wa boti kama mtoto anayeshika kikwembe cha mama yake. Kila mtu aliona, na kila mtu aliangalia pembeni.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Kuna kamba ndefu, imefungwa fundo kila mita na kitambaa kila mita tano, na mwisho wake kuna kipande kizito cha madini ya risasi, kirefu kama mkono wa mtoto mchanga. Chini ya risasi kuna shimo. Katika shimo hilo unabandika mafuta magumu ya ng'ombe. Unatupa, inashuka, kamba inakuambia kina, na ukiivuta, mafuta yanakuambia kilichoko chini: yakirudi na mchanga, ni mchanga, yakirudi na matope, ni matope, yakirudi matupu, yamekwanguliwa, basi chini ni jiwe, na hapo boti haina rafiki. Mafuta hayo yalitoka jikoni kwangu. Kila walipotoka nilijaza mukebe wa maziwa, na kila waliporudi mukebe ulikuwa mweupe, umekombwa. Mushagalusha ndiye aliyenionyesha. Mchana, wakati wakubwa wanalala, alinipeleka kwenye gati ya nyumba, akanifundisha kutupa. "Usitumie mukono," alisema, "tumia kiuno, sawa vile unatwanga." Nilipoweza kutaja kina kabla ya kuhesabu mafundo, alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu mwanamuke iko na macho mu vidole!"

Mezani, Profesa alikuwa na hadithi moja tu, lakini aliijua kwa sehemu nyingi. Nilipopitisha supu niliisikiliza, nikairudisha jikoni pamoja na sahani chafu. Zamani, alisema, miaka mia mbili iliyopita, wazungu walituma merikebu kutafuta nchi wasizozijua na kuchora pwani zake. Katika merikebu hizo mtoto wa nyumba kubwa aliingia na barua ya mjomba wake, na akiwa na miaka kumi na miwili tayari watu wazima walimpa njia apite. Kwa Wafaransa maofisa wa koo kubwa walivaa nyekundu. Wale waliotoka kwenye merikebu za mizigo, wenye kujua bahari, walivaa bluu, na waliitwa tu wakati wa shida, shida ikiisha wanarudishwa walikotoka. Wekundu na wabluu. Lakini upande wa Waingereza, alisema akiinua kijiko, palikuwa na mtoto wa kibarua wa shamba, alianza kwa kubeba makaa ya mawe katika bahari ya baridi, na huyo ndiye aliyepima bahari za kusini vizuri kuliko watoto wote wa machifu. "Kazi ndiyo iliyompandisha," Profesa alisema. "Kazi peke yake." Kapiteni Bisimwa alitabasamu, akaomba chumvi.

Jikoni hadithi hiyo ilikuwa sherehe yetu. Mushagalusha alikuwa na ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Nilipomwambia, alijitazama, akasema, "Kumbe mimi ni ofisa! Maman, leta kiti cha ofisa," na nikampindulia ile ndoo. Siku nyingine alinituma niulize swali. Nilingoja Profesa abaki peke yake na kahawa yake, nikauliza: "Profesa, ule mutoto wa kibarua, mu meli yake nani alikuwa anapika?" Alifurahi kama nimempa zawadi. Akasema mpishi wake alikuwa na mkono mmoja tu. Nilipomfikishia Mushagalusha, alinitazama mikono, akasema, "Basi wewe mwenye mikono mbili, tutafika mbali." Ndivyo alivyonichumbia, kama mlitaka kujua. Hapakuwa na maua.

Karibu na mwisho wa kiangazi habari ilikuja kwamba mjomba wa Kapiteni atafanya safari ya ziwani siku ya sherehe, Jumapili, na wageni wake, na wanawake wa animation, kundi la chama la kuimba na kucheza. Kapiteni alitaka kumwonyesha kitu. Mbele kidogo ya Katana kuna kisiwa kisicho na watu, na kati yake na nchi kavu kuna mlango mwembamba wa maji. Mitumbwi ilipita pale, lakini boti kubwa siku zote zilizunguka nje. Kapiteni alisema ataupima mlango huo, boti itapita, safari itakuwa fupi, na njia mpya itapewa jina la mjomba. Mushagalusha wiki ile alikuwa amelazwa na malaria, kwa hiyo Kapiteni alikwenda na binamu zake. Walikaa siku tatu. Walirudi wamechomwa na jua, wanacheka, wananuka kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kitabu kimejaa namba: mita kumi na nane, mita kumi na sita, mchanga, mchanga, matope. Profesa akaanza kuchora.

Nami nikapokea vyombo vyangu. Sufuria zilikuwa chafu. Mukebe ulikuwa umejaa.

Nilisimama nao mkononi nafikiri labda walinunua mafuta mengine. Nikabonyeza kwa kidole. Alama ya kijiko changu ilikuwa bado juu, ule mzunguko ninaoufanya kumaliza. Hakuna aliyeugusa. Siku tatu, kurasa sita za mchanga na matope, na hakuna risasi iliyopakwa mafuta hata mara moja. Nawaambia, watoto wangu, nimeona vita baadaye, nimelala chini ya kitanda risasi za bunduki zikipita dirishani, lakini baridi iliyoingia mgongoni mwangu siku ile mbele ya mbabula sijaisahau. Kwa maana nilijua nani atashika usukani Jumapili.

Nilimwendea Mushagalusha kwake Kadutu. Alikuwa amekaa kitandani, blanketi mabegani, anakunywa uji. Nilimwambia. Aliweka kikombe chini.

"Umeangalia muzuri?"

"Alama ya kijiko yangu iko pale pale."

"Basi hawakupima." Akavuta blanketi. "Wavuvi wa pale wanaiita Meno, ile njia. Mutumbwi inapita juu. Boti yetu inaingia mu maji mita mbili na nusu."

"Kataa kwenda."

"Nikikataa nitaitwa adui wa sherehe. Unajua fasi wanawapeleka."

"Na kama unaenda?"

"Watu makumi nane, Nabintu. Wanawake na bikwembe yao. Nani anajua kuogelea?"

Asubuhi ya Alhamisi alijikokota mpaka Muhumba, homa ingali machoni, akamwomba Kapiteni mtumbwi tu na nusu siku, ili akaupime tena ule mlango. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Kapiteni hakupaza sauti. "Unajua kusoma?" aliuliza. "Kidogo, citoyen kapiteni." "Basi soma kidogo hapa. Mita kumi na nane. Nani aliandika?" "Ni wewe." "Na wewe ni nani?" Nikasikia miguu ya Mushagalusha ikisugua sakafu. "Ni swali, citoyen." "Ni mutu wa usukani." "Jumapili utakuwa kwenye usukani, au utakuwa ndani. Chagua." Halafu nikasikia kofi. Halikuwa kubwa. Lilikuwa kofi la mtu anayefukuza nzi.

Ijumaa saa sita mchana walikuwa wote mezani: Kapiteni, binamu, Profesa, na mjomba mwenyewe, mtu mnene mpole aliyekuwa anafuta jasho na leso. Nilikuwa nimepika tilapia. Niliweka samaki, nikarudi jikoni, nikachukua mukebe, nikashindwa kutembea. Nilijisemea: hatua ya kwanza mpaka kizingiti, ya pili mpaka kabati. Nikafika. Nikauweka mukebe juu ya kitambaa cheupe, kati ya ndimu na pilipili, mbele ya Profesa, kwa sababu niliamini hadithi yake. Nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto: "Profesa, mafuta ya kupima ilirudi yote. Hawakuitumikisha. Ile namba haiko ya maji."

Profesa aliuangalia mukebe. Alielewa, niliona masikio yake yakigeuka mekundu. Kisha akamwangalia mjomba, na abacost yake, na dereva aliyekuwa amesimama barazani na bastola. Mwaka ule mgeni alipewa saa ishirini na nne kuondoka kwa kosa dogo kuliko hilo, na maisha yake yote yalikuwa katika nyumba ile, vitabu na ramani. Akaangalia samaki wake. "Nabintu," alisema taratibu, "samaki anapoa." Tu. Kapiteni akacheka, akamwambia mjomba wake kwamba mpishi huyu aliiba mafuta, na sasa anatafuta njia ya kuyarudisha. Mjomba naye akacheka kwa adabu. Kabla jua halijazama nilikuwa njiani na kifurushi changu, na binamu mmoja alinisindikiza mpaka barabarani kuniambia kwamba cachot, selo ya wanawake, ina panya.

Kwa hiyo nikaogopa vitu viwili: wao, na Jumapili. Wao nilikwisha kuwaona. Jumapili sikuwa nimeiona, na kisichoonekana ndicho kilichoshinda.

Jirani yangu alikuwa wa kundi la animation. Alikuwa na mimba kubwa, amechoka. Nikamwomba kikwembe chake cha sherehe na nafasi yake, akanipa. Asubuhi ya Jumapili Mushagalusha, niliyekuwa nimekwisha kumweleza, alinipa risasi na kamba kutoka stoo ya boti, maana Kapiteni alikuwa ameamuru zibaki: zinaleta uchafu mbele ya wageni. Tungezificha wapi? Nilibandika mafuta kwenye shimo la risasi, nikazikunja, nikazifunga mgongoni na kikwembe cha pili, nikaziwekea kofia ya mtoto. Nilipanda boti nimebeba mtoto wa risasi, kilo saba. Mwanamke aliyekaa karibu nami, mnene, mwenye meno ya pengo, alinipapasa mgongo. "Maman, mutoto yako iko nzito! Unamukulisha nini?" Nikasema, "Mafuta." Akacheka sana. "Na analala, jamani. Ya kwangu ingekuwa imepasua masikio ya Mukubwa." Nami nikacheka, huku jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino.

Ziwa lilikuwa bapa, zuri, la kijani. Mjomba alikaa chini ya turubai, wageni wanakunywa, wanawake wanaimba Rais, chama, maendeleo. Mushagalusha alikuwa kwenye usukani, na Kapiteni pembeni yake na kofia nyeupe. Tulipita Kavumu, tukaona paa za Katana, kisha kisiwa, kisha mlango ule, maji yake yametulia kama ya beseni. Kapiteni akainua mkono: ingia. Mushagalusha akapunguza mashine mpaka ikawa inanong'ona, akasema ni heshima kwa Mukubwa, aone vizuri njia yake. Hiyo ilikuwa zamu yangu.

Nilikwenda mbele kabisa, nikasimama, nikamfungua mtoto wangu. Yule mwenye pengo akapiga kelele, "Nyamuzinda, Mungu wetu! Amezaa chuma!" Nikatupa. Kiuno, sawa kutwanga. Kamba ikakimbia vidoleni, nikahisi chini, nikapaza sauti kwa nguvu zote, uso kuelekea usukani: "Mita kumi na moja!"

Wanawake walifikiri ni wimbo. Ninyi hamkuishi wakati ule. Hamjui jinsi tulivyofundishwa. Mtu mmoja mbele akipaza sauti, wengine wanajibu, wanacheza. Ilikuwa ndani ya mifupa. "Kumi na moja!" waliitikia, makumi matatu kwa pamoja, na ngoma ikaingia. Nilimwona Kapiteni akija mbio, uso wake umekuwa majivu. "Shuka hapo! Shuka!" Lakini mjomba alikuwa amesimama, anapiga makofi, anatikisa mabega, na wageni wote wamesimama kwa sababu yeye amesimama. Nani angezima animation mbele ya Mukubwa? Mwaka ule mtu alifungwa kwa kutocheza. Kapiteni alisimama mikono imening'inia. Mmoja wa wageni akamgusa begani: "Citoyen, cheza!" Akaanza kucheza.

"Mita nane!" "Nane! Nane!" Nilivuta, mafuta yana mchanga. Nilitupa. "Mita saba!" "Saba!" Mikono ilikuwa imelowa, kamba inachana ngozi. "Mita sita!" Waliruka mara sita. Nilimtazama Mushagalusha, macho yake hayakuwa juu ya maji, yalikuwa juu ya mdomo wangu. "Mita tano!" Nilitupa tena, na risasi ikagonga mapema, mapema mno, mtetemo mkavu ukanipanda mpaka kwenye meno. Nikavuta. Mafuta yalikuwa yamekwanguliwa, meupe, hakuna hata punje. "Mita tatu! Jiwe!" "Tatu! Jiwe!" waliimba, wanageuka na viuno, na chini ya wimbo nikasikia mashine ikilia kinyume, boti nzima ikatetemeka kama ng'ombe anayekataa daraja. Tulisimama. Niliinama nikatazama chini. Lilikuwa pale, jeusi, na lingine nyuma yake, na lingine, kama wavuvi walivyosema. Samaki mdogo alipita juu ya ncha yake. Ningeweza kulisukuma kwa upondo wa mtumbwi.

Ngoma ikafa kidogo kidogo. Mjomba akauliza, "Kuna nini?" Na hapo, wajukuu wangu, jifunzeni. Kapiteni Bisimwa alikuwa bado anahema kwa kucheza. Alivua kofia, akajifuta paji, akasema bila kukwama: "Excellence, niliamuru ipimwe mara ya mwisho. Ramani ni ramani, lakini maisha ya watu kwanza. Tutazunguka nje." Mjomba alimkumbatia. Wageni wakasema huyu ndiye kijana tunayemhitaji. Mimi nilifungua mdomo. Kapiteni akanikaribia kana kwamba ananisaidia kukunja kamba, akasema chini chini: "Asante, citoyenne. Neno moja, na yeye analala ndani leo." Nikamtazama Mushagalusha. Alitikisa kichwa kidogo tu. Kisha akaita kwa sauti ya kazi, "Tunazunguka nje, kapiteni?" "Zunguka." "Ndiyo, kapiteni." Nikafunga mdomo. Umebaki umefungwa juu ya jambo hilo kwa miaka hii yote, kwanza kwa woga, halafu kwa mazoea, na sijui lini kimoja kiligeuka kuwa kingine.

Profesa alikuja kuniona kabla ya kurudi kwao. Aliuliza njia mpaka akapata nyumba, akainama mlangoni, nikampa chai. Alisema ana haya. Kisha akasema kuna kipande cha hadithi ambacho hakukisema mezani: yule mtoto wa kibarua hakupandishwa na kazi peke yake. Kulikuwa na kapiteni mmoja aliyemwona anavyofanya kazi, akaandika barua kwa wakubwa. Bila watu wa namna hiyo angebaki mtu wa kamba mpaka kufa, na hakuna ambaye angejua. Nikamuuliza, "Na wewe, Profesa, kalamu yako ilikuwa wapi?" Alikunywa chai yake mpaka mwisho, ya moto vile vile, na ramani ilipochapwa baadaye ilikuwa na mawe yote mahali pake, na chini yake jina moja, Bisimwa.

Lakini jioni ile ya Jumapili hatukujua hayo. Tulifika gati, wageni wakashuka, wanawake wakapanda kuelekea Kadutu wakiimba "Tatu! Jiwe!" kwa furaha, na wimbo huo uliendelea mtaani wiki mbili. Niliingia kwenye chumba cha usukani. Mushagalusha alikuwa bado ameushika. Nilimfungua vidole kimoja kimoja.

"Uliogopa?" akaniuliza.

"Sana."

"Mimi nilijikojolea," alisema. "Katikati ya mita sita na tano. Ovaroli iko bluu, haikuonekana."

Tulicheka mpaka tukalia. Miezi miwili baadaye Kapiteni alipanda ndege kwenda Kinshasa kwenye cheo kikubwa, na mahali pake akaja kijana mwingine, mwembamba, na kofia mpya na barua ya baba yake mkubwa. Nilikuwepo gatini siku hiyo, nimemletea mume wangu chakula. Abiria walikuwa wamejaa, kuku, magunia, watoto. Kijana aliingia kwenye chumba cha usukani, akaangalia saa zote na vishikio, akashika ukuta kwa mkono. Mushagalusha akafuta kiti kirefu kwa mkono wake wa ovaroli, akakisogeza karibu na dirisha, mahali ambapo upepo haufiki. "Ikala hapa, citoyen kapiteni," akamwambia. "Utaona ziwa muzuri." Kisha akashika usukani, akaitoa boti.